Mume anasubiri bei ipande, benki haisubiri

Mzee, salaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Bombo, sasa tunaishi Kira, hapa Wakiso. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana nikishika simu muda mrefu mume wangu ananiuliza naandika nini.

Nyumba yetu tuliinunua katikati ya 2019 kwa shilingi milioni 300. Vyumba vitatu, sebule, jiko, na boizi kota ya vyumba viwili nyuma, kiwanja cha futi 50 kwa 100 chenye kyapa, yaani hati miliki. Sisi tulikuwa na milioni 120, benki ikatupa milioni 180 kwa miaka 15, riba asilimia 17. Kila mwezi tunalipa milioni 2 na laki 7 na elfu 70. Mume wangu alikuwa afisa ugavi kwenye mradi wa afya uliokuwa ukilipwa na fedha za Marekani, na mimi nina duka dogo la vitenge kwenye arkedi mjini. Tulikuwa tunapumua.

Januari 2025 ilipotoka ile amri ya kusimamisha misaada, mradi ukasimama, na mwezi haukupita wakaambiwa wasirudi. Tumelipa mkopo kwa malipo yake ya mwisho na akiba mpaka Desemba. Januari hatukulipa, Februari hatukulipa. Wiki mbili zilizopita benki imeleta barua. Deni pamoja na malimbikizo ni milioni 153. Mzee, nilikaa chini. Nimepiga hesabu kwenye daftari la duka, tumeshalipa zaidi ya milioni 210. Tulikopa 180. Inakuwaje bado tunadaiwa 153? Wametuibia?

Kuuza tumejaribu. Mthamini wa benki mwaka 2019 aliandika milioni 320. Baadaye tuliongeza ukuta, tukatandika matofali uani, tukaweka tenki. Kwa hiyo Julai mwaka jana tukaitangaza kwa 380. Miezi ya kwanza watu walikuja kutazama tu, wengine na watoto kama wamekuja matembezi. Kuanzia Oktoba simu zikanyamaza kabisa. Madalali wakasema ni siasa, subirini uchaguzi wa Januari upite. Umepita.

Mwezi uliopita akaja mtu mmoja, mfanyabiashara wa vipuri vya magari. Aliingia amevaa ndala. Aliwasha na kuzima taa za kila chumba. Alifungua bomba la jikoni akasimama analisikiliza likikohoa mpaka maji yakatoka. Sebuleni alikuwa akitembea anagonga vigae kwa kisigino, viwili karibu na mlango vikalia utupu, akarudi akavigonga tena. Hakuuliza bei. Alisema, "Milioni 270, taslimu. Na kyapa kiko wapi?" Mume wangu alimsindikiza getini bila kumjibu. Jioni akaniambia yule mtu ametutukana.

Yeye anasema tusubiri. Shemeji yangu anamtia moyo kwamba mafuta ya Hoima yakianza kutoka bei zitalipuka. Mimi naona tuuze. Wakati mwingine nawaza tuipangishe, wanasema kwa milioni 1 na laki 2 itapata mtu, sisi tukapange pa laki 6.

Kuna jambo jingine. Dada yangu amepata kibanja upande wa Gayaza, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi yenye mwenyewe, kina nyumba imeezekwa, haijapigwa plasta. Muuzaji alikuwa anataka 120, sasa anataka 85 kwa sababu ana shida, lakini anataka zote kabla mwezi haujaisha. Ana makubaliano yenye muhuri wa LC1, baraza la kijiji, na mashahidi. Mwenye ardhi, anasema, yuko ng'ambo na hasumbui mtu. Muuzaji nimeshampa milioni 5 za kushika, kutoka kwenye pesa ya duka. Mume wangu hajui.

Nisaidie, Mzee. Tuuze, tusubiri, au tupangishe?

Mama wa Watatu, Kira

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nianze na la wizi, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hawajakuibia. Chukua karatasi ufanye hesabu ya mwezi wa kwanza tu: milioni 180, asilimia 17 kwa mwaka, ni riba ya milioni 2 na laki 5 na elfu 50 kwa mwezi mmoja. Ninyi mlilipa milioni 2 na laki 7 na elfu 70. Kwa hiyo kilichopunguza deni lenyewe mwezi ule ni laki 2 na elfu 20, basi. Mkopo mrefu wa nyumba huanza hivyo kila mahali. Miaka ya mwanzo unalipia riba, deni lenyewe linaguswa mwishoni. Kwa riba za kwetu jambo hilo linauma mara tatu. Benki Kuu ilishusha riba yake hadi asilimia 9.75 Oktoba 2024, magazeti yakashangilia, na mkopo wenu ukabaki palepale kwenye 17. Halali, lakini ni ghali, na yeyote anayekwenda kusaini mkopo wa miaka 15 angepaswa kuonyeshwa jedwali hilo kabla ya chai ya meneja haijapoa.

Sasa soko.

Watu wanadhani nyumba zikishuka bei utaona mabango yamefutwa na kuandikwa upya. Kampala na Wakiso hatufanyi hivyo. Soko letu likianguka linanyamaza. Bango linabaki na 380 ileile, rangi inapauka kwa jua, na simu haiiti. Wengi wa wanaouza hawana mkopo unaowabana, wanaweza kukaa na bei yao miaka mitatu. Na wanaonunua ni watu wa pesa taslimu, maana mkopo wa asilimia 17 nani anautamani? Watu wa taslimu ni wachache na hawana haraka. Kwa hiyo bei halisi huijui kwa kutazama mabango, unaijua kwa mtu aliyekuja na ndala akataja namba. Huyo ndiye soko. Mthamini wa 2019 aliandika 320, lakini mthamini hakununua.

Na mjue pia mlivyoingia sokoni. Fedha za Marekani zilipokatika, hakuna aliyeumia peke yake. Wenye mabangaloo ya kupangisha Kololo, Naguru na Muyenga walipoteza wapangaji waliokuwa wanalipa kwa dola, na wafanyakazi wa miradi, watu kama mumeo, ndio waliokuwa wananunua na kujenga Kira, Najjera na Namugongo. Kwa hiyo wanunuzi wenu wa kawaida wamegeuka wauzaji wenzenu, wote mwaka mmoja. Juu ya hapo ukaja mwaka wa uchaguzi, ambao kwetu pesa hujificha hata kama hakuna aliyeitisha.

Kuhusu mafuta ya shemeji. Yaligunduliwa kwa kiasi cha biashara mwaka 2006. Tangu mwaka huo nimesikia madalali wakiuza viwanja vya Wakiso kwa mafuta ya Hoima. Bomba lenyewe ni kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Tanga, na hakuna hata kilomita moja inayopita sebuleni kwenu. Huenda yakasaidia uchumi, sikatai. Lakini benki haikuandika kwenye barua yake kwamba italipwa na mafuta.

Hebu tuhesabu kusubiri kunagharimu nini, kwa sababu mumeo anadhani kusubiri ni bure. Deni la milioni 153 kwa asilimia 17 linazaa milioni 2 na kama laki 1 na elfu 70 kila mwezi. Msipolipa, mwaka mmoja likijizaa lenyewe linaongezeka kama milioni 28, bila kuhesabu adhabu za kuchelewa na wakili wa benki. Maana yake ni kwamba nyumba inayopata 270 leo lazima ipate karibu 300 mwaka ujao ili mbaki mlipo leo. Kuipata faida ni zaidi ya hapo. Mwulize mumeo kwa upole, si mbele ya kaka yake: nani hasa, kwa jina au kwa kazi yake, atakuja na 300 taslimu mwaka ujao?

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa yeye. Mwaka 2011 nilikuwa na nyumba upande wa Mukono kwa mkopo wa riba inayopanda na kushuka. Mnakumbuka mwaka ule: Benki Kuu ilifikisha riba yake asilimia 23 mwezi Novemba, na sukari ikawa inauzwa kama dawa. Akaja mwalimu mmoja mstaafu akanipa milioni 95. Mimi nilitaka 120. Nilimsindikiza getini vizuri tu, nikamwonyesha na njia ya mkato ya kwenda stendi. Benki, sitaitaja, iliiuza 2013 kwa 70, na baada ya deni, dalali wa mnada na wakili, niliondoka na hela ya kununua pikipiki. Niliinunua. Iliibwa.

Basi tusome barua yenu. Itazame kama ni notisi ya kushindwa kulipa, yaani ile ya Sheria ya Rehani ya 2009. Kama ndiyo, sheria inawapa siku 45 za kazi za kurekebisha tangu mlipoipokea. Jumamosi na Jumapili hazimo, sikukuu hazimo. Zikiisha ndipo benki inaweza kuleta notisi ya kuuza, nayo ina siku 21 za kazi. Jumla ni siku 66 za kazi, miezi mitatu na kitu. Mmeshatumia wiki mbili. Kwa hiyo mna kama wiki kumi na moja ambazo nyumba bado ni ya kuuzwa na ninyi. Baada ya hapo itauzwa na mtu mwingine, na huyo hatasikiliza habari za tenki wala matofali ya uani.

Mtasikia watu wa mtaani wakiwaambia mkimbilie mahakamani kuzuia mnada. Kanuni za Rehani za 2012 zinaipa mahakama nguvu ya kuwataka muweke asilimia 30 ya thamani ya kuuza kwa haraka, au ya deni, kabla ya kuusimamisha. Kama thamani hiyo ni milioni 200, mnatafuta milioni 60 taslimu. Mwenye milioni 60 hana malimbikizo ya miezi miwili.

Kuomba benki irefushe mkopo nalo nimelipigia hesabu, kwa sababu ndilo jibu ambalo ofisa wa mikopo atawapa akiwa anatabasamu. Milioni 153 mkiianzisha upya kwa miaka 15, malipo yanakuwa milioni 2 na laki 3 na nusu. Mmeokoa laki 4 kwa mwezi na kuongeza miaka sita na nusu ya utumwa. Lingewafaa kama mumeo angekuwa ameitwa kazini kuanzia mwezi ujao. Hamjasema hivyo.

Kupangisha ni vilevile. Milioni 1.2 kwa mwezi ni 14.4 kwa mwaka. URA, mamlaka ya kodi, inachukua asilimia 12 ya kinachozidi milioni 2 na laki 8 na elfu 20, yaani kama milioni 1 na laki 4 kwa mwaka. Toa kodi ya laki 6 mtakayolipa ninyi kwingine. Mnabaki na chini ya laki 5 kwa mwezi, mbele ya malipo ya benki ya milioni 2.77. Na mnunuzi wa taslimu hapendi kukuta mpangaji ndani.

Kwa hiyo uzeni. Sisemi mchukue 270 mkiwa mmeinamisha vichwa. Mrudieni yule mtu wa vipuri wiki hii, mseme 290, mjue moyoni kwamba 275 ni biashara. Mimi ningejali masharti kuliko hiyo tofauti ya milioni tano, na swali lake la kyapa linaonyesha anajua anachofanya. Kyapa kiko benki. Hawezi kuwapa ninyi milioni 270 mkononi akakaa akiomba Mungu mwende kulipa deni, na akikubali kufanya hivyo mwogopeni. Nendeni benki mkaombe barua inayosema deni kamili ni kiasi gani mpaka tarehe fulani, na kama kuna ada ya kulipa mapema. Kisha wakili aandike makubaliano ya pande tatu: mnunuzi anailipa benki moja kwa moja hizo 153 na kitu, benki inaahidi kwa maandishi kutoa kyapa na hati ya kuondoa rehani, na salio linaingia kwenye akaunti yenu siku ileile. Ushuru wa stempu wa kuhamisha, asilimia 1.5 ya thamani atakayoipitisha mthamini wa serikali, kwa kawaida ni wa mnunuzi, lakini uandikwe. Dalali naye mkubaliane mapema. Asilimia 5 ya 275 ni karibu milioni 14, na kama huyu mtu alijileta mwenyewe, dalali anayejitokeza leo anadai nini?

Benki hazipendi mnada kama mnavyodhani. Mnada ni kesi, ni matangazo, ni mtu kuja na waandishi wa habari. Mkienda na mnunuzi mwenye uthibitisho wa pesa, mtashangaa meneja anavyokuwa mwepesi.

Mkifanya hivyo mtabaki na kama milioni 100, labda na zaidi kidogo. Mlianza na 120 zenu. Mmepoteza, ndiyo, na mmeishi kwenye nyumba hiyo miaka karibu saba. Mnadani, kwa 200, baada ya kila mtu kukata chake mngebaki na 30 au hata chini.

Sasa kibanja. Hapa mwanangu nitakukaripia kidogo.

Unachofanyiwa Gayaza ndicho unachoogopa kufanyiwa Kira: bei imeshushwa, haraka imepandishwa. Tofauti ni kwamba nyumba yenu ina kyapa, na hiyo ina muhuri wa LC1. Mwenyekiti wa LC1 akigonga muhuri anashuhudia kwamba mlikaa mkakubaliana mbele yake. Hathibitishi kwamba aliyeuza anamiliki. Nimeona kibanja kimoja kimeuzwa mara tatu kwa muhuri wa mwenyekiti mmoja, na mwenyekiti akaapa kwamba mihuri yote ni halali. Ilikuwa halali.

Sikatai vibanja, nusu ya Buganda inaishi humo. Lakini ardhi ya mailo, ile ya Buganda yenye hati ya kudumu, ina mwenyewe, na sheria, tangu marekebisho ya 2010, inamtaka mwenye kibanja anayeuza ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua. Asipofanya hivyo mauzo ni batili, kibanja kinarudi kwa mwenye ardhi, na muuzaji anaweza kufungwa mpaka miaka minne. Soma tena hapo kati: kinarudi kwa mwenye ardhi. Pamoja na nyumba iliyoezekwa na milioni 85 zako. Huyo "yuko ng'ambo na hasumbui" ndiye mtu wa kwanza unayepaswa kuzungumza naye, yeye au wakala wake aliyeandikwa. Mwenye ardhi asiyesumbua leo huwa na watoto watakaosumbua kesho.

Kwa hiyo omba vitu hivi, na umwombe muuzaji mwenyewe, si dada yako. Risiti za busuulu, ile kodi ya mwaka anayolipwa mwenye ardhi, za miaka kadhaa, si moja iliyoandikwa juzi kwa wino mbichi. Namba ya bloku na ploti, ukafanye upekuzi ofisi ya ardhi ya kanda huko Wakiso uone mwenye ardhi ni nani na kama kuna zuio au rehani juu yake. Barua ya ridhaa ya mwenye ardhi kwamba anakukubali wewe, na kanzu yake, yaani pesa ya heshima utakayompa, iandikwe risiti. Halafu historia: huyu muuzaji alipata wapi? Sheria inawalinda waliokaa kwenye ardhi miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, na waliopokea kwao kwa njia halali. Aliyekatiwa kipande miaka michache iliyopita na mtu asiyejulikana, bila ridhaa, hana ulinzi huo wa kukuuzia. Na mke wake je, kama ana mke? Ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi aliyeandika na kusaini.

Nenda pia ukapaone baada ya mvua. Upande ule una mabonde, na NEMA, mamlaka ya mazingira, walipoanza kuvunja nyumba Lubigi mwaka 2024 hawakuuliza nani alinunua kwa bei ya punguzo.

Akikuletea hivyo vyote, nitakuwa nimemkosea, na 85 itakuwa bei nzuri. Asipoweza, dai milioni 5 zako. Pengine hazitarudi zote. Ukizikosa zitauma kuliko msiba wa jirani, lakini usizifukuze kwa 80 nyingine.

Haraka ya mwisho wa mwezi ni yake, si yako. Siku mtakayoiuza nyumba ya Kira, saa inahama mkono. Leo ninyi ndio mnaobanwa, kesho ninyi ndio mtakuwa na taslimu katika soko ambalo taslimu ni adimu, na wewe ndiye utakayeingia kwenye nyumba za watu na ndala, ukigonga vigae. Hiki ndicho mumeo hajakiona. Anaitazama 270 peke yake na anaona hasara, haitazami na kiwanja kitakachofuata, nacho kimeshuka. Anayeuza chini na kununua chini katika mwaka mmoja hajapoteza kama anavyodhani. Anayepoteza ni anayeuza chini kisha akanunua karatasi. Pangeni mahali miezi sita au mwaka. Pesa iwekeni mahali pasipofikiwa na ndugu. Hata dhamana za serikali za siku 91 au 182 zinafaa, mnanunua kupitia benki. Tafuteni kiwanja chenye kyapa, hata kama ni mbali zaidi na ni kidogo zaidi, mlete mpimaji afungue mipaka kabla ya kulipa.

Limebaki la mumeo. Kwanza, hawezi kuiuza nyumba bila saini yako, kama ambavyo hakuweza kuiweka rehani 2019 bila saini yako. Lakini nawe huwezi kuiuza bila yeye. Kwa hiyo hakuna ujanja, mtazungumza. Na huwezi kumwomba aangalie hesabu kwa macho makavu huku umeficha milioni 5 za duka. Mwambie hiyo kwanza. Atakasirika, ana haki. Mwache alale. Asubuhi mpe karatasi moja yenye namba tatu tu: 153, 28 na 270, naye ajaze ya nne, anayoamini yeye.

Mtu aliyepoteza kazi akiwa hana kosa hushikilia kitu cha mwisho kinachoonyesha alikuwa nani. Kwa mumeo, naona, ni ile 380. Usimwambie nyumba haina thamani. Mwambie mtu amekuja na pesa, na wewe unataka mwende naye benki mkiwa wawili.

Mpigieni simu huyo wa vipuri kabla hajaona nyumba nyingine, maana nyingine zipo. Na vile vigae viwili vya mlangoni, tafuteni fundi avibandue na kuvibandika upya kabla hajarudi. Atavigonga tena.